Ng'ombe Kumi Ndani ya Seva

Haya, naandika mwenyewe. Yule rafiki yangu wa Nkuhungu ameshawatumia ya kwake, eti nililia mbele za watu. Sikulia. Subirini nifike.

Mnakumbuka zile kanda za ngoma za Wagogo nilizokuwa nahangaika nazo: zeze, ilimba ya vidole, wamama na ngoma yao ya muheme? Bosi alitaka zihifadhiwe kitaalamu. Kwa kiherehere changu nikasema ipo Archivematica, programu ya kuhifadhi mafaili ya kidijitali, haina malipo, naiweka mwenyewe kwenye seva ya Ubuntu. Siku tatu sikulala. Elasticsearch, kile kipande chake cha kutafutia, ikala kumbukumbu ya kompyuta (RAM) gigabaiti 8 kama kwelea kwelea shambani, na usiku mzima nikagonga poti 80, yaani mlango mwingine wa seva, wakati ghala la hifadhi liko 8000. Tuyapite.

Siku ya kuonyesha: projekta, bosi, wageni wawili, na mzee mmoja mpiga zeze. Nikachomeka flashi. Badala ya kuchagua folda ya kanda, nikachagua flashi nzima. Programu ikachapa kazi: ikakagua virusi, ikakokotoa SHA-256, ile alama ya kuhakikisha faili halijabadilika, ikageuza sauti kuwa mafaili ya WAV. Ukutani kijani, kijani, kijani. Nikalegeza tai.

"Tusikie moja," bosi akasema.

Nikabofya la juu kabisa bila kusoma. Jina lenyewe liko ukutani, kila herufi kama kichwa cha mtoto: mazoezi_ya_mahari_mwisho, na mkia wa tarakimu na herufi nyuma. (Nafasi huzijaza vistari, ndiyo tabia yake.) Kwanza jogoo akawika. Kisha mtu akakohoa. Nikawaza, mpiga zeze gani huyu anakohoa kama mimi? Ndipo ikaja sauti yangu, ile ninayokwenda nayo kuomba mkopo:

"Shikamoo baba. Kuhusu wale ng'ombe kumi..."

Kimya. Kikohozi.

"Hapana, anza tena. Shikamoo baba mkwe. Sita wanatosha, na wawili kati yao wawe wa ahadi."

Nikaparamia mausi, ikaanguka chini ya meza, nikaifuata huko huko. Mimi niko chini natambaa, mimi mwingine niko juu kwenye spika naendelea: "Akikaza, lia kidogo." Nikalia kidogo. Haya, ndicho hicho kilio mlichosimuliwa. Cha mazoezi! Wewe unayecheka, mahari yako ulilipa kwa M-Pesa?

Nilipoibuka, mzee wa zeze alikuwa anajifuta macho. "Mjukuu wangu, kwa kilio hicho wangekuongezea wawili."

Basi, chai ikaletwa, wageni wakaondoka.

Kufuta sasa. Kumbe humo hufuti kwa hasira kifurushi cha mafaili yaliyokwisha kuhifadhiwa: unaomba, unaandika sababu, msimamizi wa ghala anakubali au anakataa, naye anaandika yake. Usimamizi nilimpa bosi, nikijipendekeza. Nikaandika: "Faili limeingia kimakosa."

Jibu limekuja leo asubuhi. Limekataliwa. Sababu: "Lina thamani ya kihistoria."