Mwacheni Mzee Achore Masale

Baba yangu mdogo alistaafu akiwa na miaka 60, baada ya kuchora ramani za viwanja karibu maisha yake yote ya kazi. Kiinua mgongo kilipoingia, ukoo mzima ulikuwa na ushauri: fuga kuku wa mayai, jenga fremu upangishe, nunua bodaboda umpe kijana alete hesabu. Yeye akashuka Moshi mjini, akarudi Uru na vipande vya hardboard, brashi na makopo ya rangi.

Mwaka wa kwanza alichora vile ambavyo wageni hununua: tembo chini ya Kibo, twiga, ndege wa madoadoa kwa mtindo wa Tingatinga. Namheshimu sana Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa juu ya hardboard, na hadi anafariki mwaka 1972 alikuwa amefungua njia ambayo wachoraji wanaipita mpaka leo. Lakini ile ilikuwa njia yake. Baba mdogo aliiazima tu, na ilionekana: tembo wake walikaa kama viwanja, kila mmoja ndani ya mpaka wake.

Kilichombadilisha ni mkono. Ulianza kutetemeka, mstari ukakataa kunyooka. Kwa mtu aliyeishi kwa rula, huo ni msiba. Miezi kadhaa hakugusa brashi, akawa anashinda barazani akikitazama kihamba, shamba lake la nyumbani la migomba na mibuni. Aliporudi kwenye rangi, tembo hawakuwemo tena. Alichora masale.

Kwa wasiojua, masale ndiyo mimea ambayo sisi Wachaga hupanda kwenye mipaka ya vihamba, na jani lake ndilo unalompelekea mtu unapomwomba msamaha. Baba mdogo alichora mipaka ya watu miaka yote ile kwa wino mweusi. Sasa anachora mpaka ulio hai, majani yameingiliana na migomba na mibuni hata huoni shamba la nani linaishia wapi. Mkono unaotetemeka unayafaa majani yale kuliko rula.

Siku moja alinionyesha jani kavu la mgomba. "Mwanangu, hili lina rangi gani?" Nikamjibu, kahawia. "Angalia tena, Baba." Nilipolisogeza kwenye mwanga niliona zambarau ukingoni, weusi palipochanika, na uti wa katikati wa njano iliyopauka. Jani hilo moja lilimchukua wiki nzima. Siku hizi anachekecha udongo wa shambani kwa kitambaa, anaukoroga na gundi nyeupe ya mbao, kisha anaupaka juu ya kitambaa cha marekani.

Mfanyabiashara mmoja wa vinyago alikuja, akatazama, akauliza mlima uko wapi. Mlima ulikuwepo, umefunikwa na wingu, kama sisi wa huku tunavyouona siku nyingi ikishafika saa nne. Hakununua. Ndugu wakapata la kusema, na hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Tunampima mzee kwa picha alizouza, wakati kazi yake haijawahi kuwa nzuri kama sasa.

Henri Matisse wa Ufaransa alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, akiwa na miaka 71. Alipokuwa hawezi tena kusimama muda mrefu mbele ya turubai, alishika mkasi akakata makaratasi yaliyopakwa rangi, na kazi hizo ni miongoni mwa zinazopendwa zaidi katika maisha yake yote. Mwili ulimnyima njia moja, akatafuta nyingine. Haya ninayaona barazani Uru kila nikienda, na kwangu yana thamani kuliko banda la kuku.

Mara ya mwisho nilimpelekea udongo wa Arusha ndani ya kopo la siagi. Akaupaka kwenye ukucha wa kidole gumba, akaugeuza juani, akaniuliza nimeuchota wapi hasa. Nikamwambia, kandokando ya barabara ya kwenda Njiro.

"Ukija tena," akasema, "niletee na wa kule Usa River."