Deni la Disney Huanzia Ndani ya Geti

Nianze na jibu, ili mwenye haraka aende zake: familia isikope kwa riba ili kwenda Disney World au Universal, zile bustani kubwa za michezo za Orlando, Florida. Sisemi hivyo kwa sababu starehe ni dhambi. Mzazi anayepiga zamu za usiku ghalani au kwenye nyumba za wazee huko Marekani ana haki ya kupumzika na wanawe, na mtoto anayesikia wenzake darasani wakisimulia Orlando hajakosea kutamani. Tatizo ni hesabu. Mkopo wa gari unaujua kiasi chake siku unayotia saini. Deni la safari hii hulijui mpaka umerudi nyumbani, kwa sababu sehemu kubwa yake inakopwa ukiwa tayari ndani, mtoto amekushika mkono na jua la Florida liko utosini.

Chukua familia ya watu wanne: baba, mama, mtoto wa miaka 11 na mwingine wa miaka 5. Aliye chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu, anapita bure. Kuanzia miaka 3 hadi 9 ipo bei ya mtoto, ila inapungua kwa dola chache tu, na akishatimiza 10 analipa sawa na baba yake. Bei ya tiketi hufuata tarehe. Mwaka 2025 tiketi ya siku moja ilianzia dola 119 kwenye bustani ya bei ya chini na msimu uliopoa, ikakaribia 200 kwa Magic Kingdom, bustani kuu ya Disney World, siku za Krismasi. Kwa 2026 kilele chake kimevuka 200. Magic Kingdom ilipofunguliwa Oktoba 1971 kiingilio kilikuwa dola 3.50, ingawa michezo yenyewe ya kupanda ililipiwa kando. Hata ukiipandisha ile 3.50 kwa mfumuko wa bei wa miaka yote hii, hufiki dola 30.

Tiketi za siku tatu kwa familia hiyo, msimu wa kati, zitatafuna kama dola 1,800. Weka nauli, weka hoteli na kodi yake, ambayo katika kaunti ya Orange, iliko Orlando, hufika asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Basi la bure lililokuwa likiwachukua wageni wa hoteli za Disney uwanja wa ndege lilikoma mwanzoni mwa 2022, kwa hiyo weka na usafiri. Ukija na gari, maegesho ya bustani ni kama dola 30 kwa siku. Mpaka hapo mambo ni mazuri, kwa sababu yote haya mnaweza kuyaandika kwenye karatasi mkiwa mezani.

Sasa ingia getini.

Zamani mtu aliweza kuruka foleni kwa FastPass bila kulipa senti. Utaratibu huo ulisimama 2020, na tangu Oktoba 2021 njia ya mkato ni ya kununua, leo inaitwa Lightning Lane. Bei ni kwa kila mtu kwa kila siku, na siku za watu wengi pale Magic Kingdom hupita dola 30. Michezo michache inayogombewa zaidi huuzwa peke yake, juu ya hiyo. Wanne kwa dola 30 ni 120 kwa siku, 360 kwa siku tatu. Familia nyingi hujiapiza nyumbani kwamba hazitanunua. Halafu saa nne asubuhi ubao unaonyesha dakika 90 za kusubiri, mdogo ameshaanza kulia, na baba anafungua simu.

Mgeni wa hoteli za Disney anaweza kuvaa bangili iitwayo MagicBand. Bangili hiyo hufungua mlango wa chumba, huingiza getini, na ukitaka hulipia: unaigusisha, unabonyeza namba yako ya siri, umemaliza. Gharama inakwenda kwenye bili ya chumba, na bili ya chumba inakwenda kwenye kadi. Hakuna noti inayotoka mfukoni, hakuna chenji ya kuhesabu. Ushauri wangu ni mfupi: zima uwezo wa kulipia kwenye bangili za watoto, na kama huna nidhamu ya chuma, zima na yako.

Vitu vyenyewe ni vidogo vidogo. Chupa ya maji karibu dola 4, aiskrimu ya masikio ya Mickey zaidi ya dola 6, kigari cha kumsukuma mtoto dola 15 kwa siku. Chakula cha kaunta kwa wanne hakiachi chenji kwenye dola 60. Mtoto wa miaka 11 akipenda filamu za Star Wars, ataliona duka la kuunda upanga wa mwanga, na upanga mmoja ni kama dola 250. Meza ya kula pamoja na wahusika wa katuni mkiiweka na msitokee, mnatozwa dola 10 au zaidi kwa kila kichwa.

Halafu kuna hasara ambayo wengi huigundua wakiwa wamesimama mlangoni mwa mchezo: urefu. Seven Dwarfs Mine Train inataka sentimita 97, Space Mountain 112, Tron 122. Mtoto wa miaka 5 kwa kawaida ana kama 108 au 110. Amelipiwa karibu sawa na mtu mzima, na milango miwili mikubwa kati ya hiyo inamrudisha. Mpime nyumbani akiwa na viatu vyake vya safari kabla hujanunua chochote. Na mkifika, ulizeni Rider Switch, isiyolipiwa: mzazi mmoja anabaki na mdogo, mwingine anapanda, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya.

Kwa mwaka 2024, LendingTree, kampuni ya Marekani inayolinganisha mikopo, walipochunguza, asilimia 45 ya wazazi wenye watoto chini ya miaka 18 waliowahi kwenda Disney walisema walikopa, wastani wa karibu dola 2,000. Wengi wa waliokopa walisema hawajutii. Takwimu hiyo ya kutojuta hupenda kutajwa kama utetezi, nami sioni inatetea nini. Hakuna mzazi atakayeitazama picha ya mwanawe akicheka na Goofy halafu aseme anajuta.

Tuiangalie hiyo 2,000. Kadi za mkopo Marekani zimekuwa zikitoza wastani wa asilimia 21 hadi 22 kwa mwaka. Kwa 22, riba ya mwezi wa kwanza ni dola 36 na senti 67. Malipo ya chini ambayo benki inakudai, kwa kadi nyingi, ni riba hiyo pamoja na asilimia 1 ya deni, jumla kama dola 57. Ukijitahidi ukalipa 60 kila mwezi, utamaliza baada ya miezi 52, na utakuwa umetoa zaidi ya dola 3,100. Yule wa miaka 11 atakuwa na 15 na hataki kuonekana na Mickey. Ukilipa 180 kwa mwezi, miezi 13 inatosha na riba yote ni kama dola 257. Lakini hapo ndipo ninapouliza: mwenye uwezo wa kutoa 180 kila mwezi baada ya safari, kwa nini asizitoe kabla? Baada ya miezi 11 anazo 1,980 na hadaiwi na mtu.

Mikopo hailingani, nikubali. Kadi ya Disney inayotolewa na benki ya Chase huwa na ofa ya riba ya asilimia 0 kwa miezi 6 kwa baadhi ya vifurushi vya likizo. Kama fedha iko tayari benki na unaigawa tu kwa sita, sina ugomvi nawe. Kinachobaki mwezi wa saba kinaanza kutozwa riba ya kawaida. Iogope zaidi kadi ya duka inayosema hakuna riba ukimaliza kulipa ndani ya muda: ukibakiza hata dola 10, riba inahesabiwa kwenye deni lote tangu siku ya kwanza. Kampuni za kununua sasa na kulipa baadaye, kama Affirm, hutoza kuanzia 0 hadi asilimia 36 kulingana na mteja, na mtego wake mara nyingi uko kwenye nauli. Ukiahirisha safari na shirika la ndege likakupa salio la kusafiria badala ya fedha, mkopo unaendelea kulipwa kama kawaida. Mkopo wa siku ya mshahara wenye ada ya dola 15 kwa kila 100 kwa wiki mbili ni karibu asilimia 400 kwa mwaka. Huo hauhitaji mjadala.

Ndugu zetu waliofika Marekani kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wanalijua deni la safari kuliko mchumi yeyote. Nauli ya kuwaleta iliandikwa kama mkopo wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, nao hurejeshwa kidogo kidogo kila mwezi, bila riba. Deni lile lilinunua maisha mapya. Inashangaza mtu aliyelilipa kwa uaminifu kwa miaka akubali riba ya 22 kwa siku tatu za foleni.

Anayetaka kwenda bila kukopa, njia ipo na haina ujanja mkubwa. Upatu ambao kina mama huucheza kila mwezi unafaa kabisa, mradi zamu yako iangukie kabla ya tarehe ya malipo na si baada yake. Njia nyingine ni kadi za zawadi za Disney. Zinauzwa Target, na mwenye kadi ya duka hilo hupunguziwa asilimia 5. Chukua ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki, isiyo ya mkopo. Nunua kila mwezi kadri unavyoweza. Haziishi muda, hulipia tiketi, hoteli na chakula, na uzuri wake ni kwamba fedha ikishaingia humo haiwezi tena kwenda kwenye mchango wa harusi ya binamu. Usitupe kadi iliyokwisha: safari ikifutwa, fedha hurudishwa kwenye kadi ileile iliyolipia. Kifurushi cha hoteli na tiketi kinashikiliwa kwa amana ya dola 200, salio hulipwa siku 30 kabla ya kufika, na ukighairi kabla ya hizo siku 30 unarudishiwa zote. Mnalipa mkiwa bado nyumbani, na mkishindwa mnaweza kurudi nyuma.

Nendeni mwisho wa Agosti au Septemba, bei ikiwa chini, mkijua kwamba ni joto na ni msimu wa vimbunga. Bebeni chakula na maji: Disney inaruhusu, isipokuwa pombe na chupa za kioo, na kaunta za chakula hutoa maji ya barafu bure. Anayewauzia tiketi za bei poa kwenye kundi la WhatsApp, mkimbieni. Tiketi ya siku nyingi ikishatumika haihamishiki, na getini wanapima alama ya kidole. Vivyo hivyo na meza za barabarani Kissimmee, mji jirani na Orlando, zinazogawa tiketi za bure kwa atakayesikiliza maelezo ya saa mbili. Hao wanauza umiliki wa chumba cha likizo kwa zamu, na kuna familia zilizoingia kwa ajili ya tiketi mbili zikatoka na mkataba wa maelfu ya dola na ada ya kila mwaka.

Kama mna mtoto mwenye ugonjwa unaotishia maisha, msikope kabla ya kuongea na ofisa ustawi wa hospitali. Kijiji cha Give Kids The World, hapo hapo Kissimmee, hupokea familia za namna hiyo kwa wiki nzima bila malipo.

Na kwa wanaofikiria kwenda kutoka Nairobi: ada ya ombi la visa ni dola 185 kwa kila mtu, mkikubaliwa au mkikataliwa, kwa hiyo wanne wameshatoa 740 kabla ya nauli. Kisha mfike Animal Kingdom, bustani ya wanyama ya Disney World, mkute kijiji cha Harambe kilichojengwa kwa kuiga Lamu, na lori la Kilimanjaro Safaris likiwaonyesha twiga. Kukopa dola ili kwenda kuiona Lamu ya Florida, hilo nalicheka waziwazi.

Wala Orlando si pekee. Wakongomani walio Louisville wana Kentucky Kingdom mjini kwao, na ng'ambo ya jimbo, Indiana, kuna Holiday World ambako maegesho, soda na mafuta ya kujikinga na jua ni bure. Aliye Pennsylvania ana Knoebels, ambayo haina kiingilio kabisa: unalipia mchezo unaoupanda tu, na bibi aliyekaa kwenye benchi halipi kitu.

Kwa ambaye ameshakwenda na deni liko kwenye kadi, asikae kulipa malipo ya chini. Atafute kadi ya kuhamishia deni yenye riba 0 kwa miezi 15 au zaidi. Ada ya kuhamisha ni asilimia 3 hadi 5, kwa hiyo 2,000 inakuwa 2,100 kwa ubaya wake, sawa na dola 140 kwa mwezi kwa miezi 15. Aweke malipo yajikate yenyewe, maana kuchelewa mara moja kunaweza kuifuta ofa, na asinunulie kadi hiyo chochote, kwa sababu manunuzi mapya mara nyingi hayamo kwenye hiyo riba ya 0.