Ukali wa kocha uingie kwenye zoezi, usitoke mdomoni

Kwenye viwanja vya vumbi jekundu vya mitaa ya Katuba na Kenya, hapa Lubumbashi, ubishi kuhusu kulea wachezaji ni wa kila jioni. Kuna wanaoamini kwamba mtoto asiyekaripiwa hatafika popote, na kuna wanaosema karipio ndilo linalomvunja.

Mwangalie mtoto wa miaka kumi na miwili anapopoteza pasi. Badala ya kuukimbilia mpira, anageuza shingo kumtafuta kocha. "Weye hauyue mupira!" Sauti ya kocha imeshamfikia, na adui keshaondoka na mpira. Akiupata tena, anaurudisha kwa beki wake, pasi ya mita tatu, salama kabisa. Hapo hakuna wa kumlaumu, ila hakuna alichojaribu pia. Hilo hunisumbua kuliko machozi: mtoto anajifunza kuficha makosa, na kosa lililofichwa halirekebishiki.

Wanaotetea upole hupenda kumtaja Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1998, yeye na Claudia Mueller walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walikata tamaa upesi baada ya kushindwa, kuliko wale waliosifiwa kwa bidii. Sawa, lakini yale yalikuwa maswali ya karatasini, si mpira. Tena mwaka 2018 uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kwamba uhusiano kati ya mtazamo anaouhubiri Dweck, wa kuamini kwamba uwezo hukua kwa bidii, na matokeo ya shuleni ni dhaifu. Anayekuuzia "mtazamo chanya" kama dawa ya kila kitu, mwulize mtoto amekula nini mchana.

Hata historia ya TP Mazembe, klabu kubwa ya hapa Lubumbashi, husomwa kwa namna mbili. Desemba 2009 walikwenda Kombe la Dunia la Klabu, wakafungwa na Pohang Steelers, kisha na Auckland City. Mwaka uliofuata walirudi bila nyota wao Trésor Mputu, aliyekuwa amefungiwa na FIFA, wakaitoa Pachuca, wakaichapa Internacional ya Brazil 2-0 na kufika fainali, ambako Inter Milan iliwafunga 3-0. Hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imefika hapo kabla yao. Ukitaka, sema walijifunza kutokana na kipigo. Lakini usisahau mfuko wa Moïse Katumbi, tajiri aliyeiongoza klabu, uliowawezesha wachezaji wazuri kubaki nyumbani. Timu za mtaani hupigwa vilevile, na nyingi hazina hata mipira ya kutosha.

Wenye ukali nao wana hoja ambayo wapole huikwepa: mechi yenyewe haina huruma. Siku ya debi ya Mazembe na Lupopo, mahasimu wao wa mji huuhuu, hakuna shabiki atakayekupongeza kwa kujitahidi. Aliyezoea sifa tupu atapotea humo. Nakubali. Ila ugumu si lazima utoke mdomoni mwa kocha. Weka wanane dhidi ya kumi. Ruhusu miguso miwili tu. Wapigishe penalti mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka, wenzao wakipiga kelele nyuma ya goli. Hapo mtoto anazoea presha bila kutukanwa.

Jambo ambalo pande zote mbili hulichanganya ni wakati. Utafiti wa mwanasaikolojia Sian Beilock na wenzake kwa wachezaji wa gofu ulionyesha kwamba anayeanza hunufaika akiufikiria mwendo wa mikono yake, lakini mzoefu akifanya hivyo huharibu. Kwa hiyo maelekezo ya "fungua mguu, inua kichwa" yana nafasi yake Jumanne, mazoezini. Siku ya mechi, kocha anayeyapiga kelele dakika tisini anamrudisha mchezaji wake darasani katikati ya mtihani. Kipa Lionel Mpasi alipokwenda kuipigia Kongo penalti ya mwisho dhidi ya Misri, kwenye Kombe la Afrika, Januari 2024, kipa wa Misri akiwa ametoka kugonga mwamba, haikuwa saa ya kufundishwa kupiga. Alifunga.

Linalobaki gumu, na sijaona mpole anayelijibu vizuri, ni Jumamosi asubuhi. Watoto ishirini na watano wamejitahidi sawasawa, na nafasi ni kumi na moja. Kumwambia wa kumi na mbili kwamba bidii yake imeonekana ni kweli, ila yeye anataka kujua lini atacheza. Afadhali kocha amtajie kitu kimoja anachokosa, kwa mfano mguu wa kushoto, na wiki ambayo atampima tena.