Pesa ya kaunti ibebe hasara, si kugawa elfu hamsini hamsini

Kila msimu wa bajeti ukifika hapa Nakuru ni wimbo ule ule, vijana watapewa pesa, akina mama watapewa pesa, vikundi vijisajili haraka. Sina shida na mtu kupewa pesa, shida yangu ni vile inapewa. Tangu Hazina ya Vijana ya 2006, ikaja ya Wanawake 2007, halafu Uwezo 2013 (ile ya zile bilioni 6 zilizokuwa zimetengewa duru ya pili ya uchaguzi ambayo haikufanyika), hadi Hazina ya Hasla (Hustler Fund) ya Novemba 2022, mtindo ni mmoja tu: kata pesa vipande vidogo, gawia watu wengi, piga picha, kisha anza kuwabembeleza walipe.

Hasla ukiwa peke yako unapata kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, siku 14 uwe umerudisha. Kwa mama anayechukua nyanya Wakulima Market alfajiri na kuzimaliza jioni, sawa kabisa, hiyo pesa inazunguka. Mimi naongea juu ya watu wengine, wale wa katikati.

Kuna kikundi nakifahamu huku upande wa Rhonda, wanakusanya maganda na mboga zilizooza sokoni wanafuga nazo funza wa wale nzi weusi, funza wakinona wanakaushwa wanauzwa kwa wafuga kuku na samaki. Ukiingia kwa hiyo banda yao harufu inakupiga kwanza, halafu unaona mabeseni yamepangwa hadi ukutani na ndani yake kitu kama mchele unaotembea. Takataka inatoka mtaani, vijana wanalipwa, mfugaji anapata chakula cha kuku bei ya chini, hiyo ndiyo naita biashara ya kijamii, inauza na bado mtaa unapata kitu. Shida yao ni moja, wanaanika funza juani juu ya nailoni nyeusi, na mvua ya Aprili ikikaa siku tatu mfululizo mzigo wote unaoza wanamwaga. Wanahitaji mashine ya kukausha, bei yake ni kama laki tisa hivi.

Sasa hiyo laki tisa itoke wapi? Uwezo mwisho wake kwa kikundi ni laki tano. Benki moja mjini waliulizwa taito ya shamba ama logibuku ya gari, na hawana hata pikipiki. Mfadhili mmoja akawaambia wao ni biashara, si shirika la msaada, kwa hivyo hawafai. Wale wawekezaji wanaotaka faida na pia jamii inufaike wapo, wamejaa Westlands na Kilimani kule Nairobi, lakini ukiwatajia laki tisa wanaona gharama ya wakili na ya kukagua vitabu itakaribia huo mkopo wenyewe. Basi kila mlango wakibisha, wanaambiwa ni wakubwa sana ama wadogo sana.

Hapa ndipo nataka pesa ya umma iingie, na isiingie kama mkopo. Tuseme kaunti ina milioni 20. Ukiigawa elfu hamsini hamsini utafikia vikundi 400, wataonekana kwa picha, na hakuna hata kimoja kitanunua mashine. Chukua hiyo milioni 20, iweke kwa hazina, uambie sacco ama benki hivi: nyinyi kopesheni hizi biashara za katikati hadi milioni 100, na mikopo ikiharibika hasara ya kwanza tutaibeba sisi hadi hii 20 iishe, baada ya hapo ni juu yenu. Pesa ile ile sasa imevuta nyingine mara tano, na anayekagua mkopaji ni mtu wa mikopo mwenye kazi yake, si chifu wala MCA, yaani mwakilishi wa wadi, na listi yake mfukoni.

Na si ati hatujui hii kitu. Serikali kuu ilianzisha mpango wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo mwaka wa 2020, ikaweka bilioni 3 za kuanzia na benki saba zikaingia. Wazo zuri, lakini ulilenga biashara yoyote ndogo, na meneja wa benki akiwekewa duka la hadwea na banda la funza mezani, wewe unajua atachagua gani. Biashara ya kijamii lazima itengewe fungu lake na ibebewe hasara zaidi kuliko hadwea, la sivyo itabaki nyuma kwa foleni.

Angalia hata NAWASSCOAL yetu hapa, ile kampuni iliyozaliwa na NAWASSCO ya maji, wanaotengeneza makaa kutoka kwa kinyesi cha binadamu kilichokaushwa kikachanganywa na vumbi la mbao. Nani angekopesha hiyo mwanzoni? Mwanzo wake ulibebwa na pesa za Umoja wa Ulaya na watu wa SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi, pamoja na shirika letu wenyewe la maji. Mtu alikubali kwamba hii pesa inaweza kupotea, ndiyo maana leo kuna makaa ya kununua.

Sasa hao wa kukubali kupoteza wanapungua. Kati ya 2017 na 2020 shirika la Village Enterprise lilifanya kazi magharibi mwa Kenya na Uganda kwa mpango wa tofauti kidogo, wawekezaji walitoa pesa mbele, watu maskini kabisa wakaanzishiwa biashara ndogo za watu watatu watatu, kisha wapimaji wa nje, IDinsight, wakapima kama maisha ya hizo familia yamebadilika kweli ndio walipaji walipe. Walipaji walikuwa USAID, serikali ya Uingereza na mfadhili mwingine asiyetajwa jina. Shilingi yetu haikuwa hapo. Na USAID tunajua ilifungwa 2025. Kwa hivyo swali la nani atalipa matokeo limetua kwetu, Nakuru, Kisumu, Kakamega, Busia, sote.

Najua kuna mtu tayari anasema pesa ya kaunti italiwa tu. Huyo ana haki yake, tumeona mengi. Lakini linganisha: pesa ya kugawa ni rahisi kula kwa sababu ikishatoka hakuna anayeuliza. Ya kubeba hasara inakaa kwa akaunti hadi mkopo uharibike, na mkopeshaji ambaye pia pesa yake iko ndani atapiga kelele. Kitu kinanitisha zaidi ni ucheleweshaji. Kaunti zetu zinajulikana kwa kukaa na bili za watu miaka, na sacco ikishangoja fidia yake vile wakandarasi wanangoja, haitarudi tena. Kwa hivyo hiyo pesa iwekwe yote mbele kabla mkopo wa kwanza kutoka, hapo kwangu hakuna mjadala.

Na pesa ya kuanzia tukikosa, tuige wengine: Uingereza walipitisha sheria 2008 ya kutumia akaunti za benki zilizosahaulika, na 2012 wakaunda mfuko wa kuwekeza kwa biashara za kijamii, karibu pauni milioni 400 zikatoka huko na benki kubwa nne zikaongeza 200. Mwenye akaunti akijitokeza bado anarudishiwa chake. Sisi tuna UFAA, mamlaka ya kutunza pesa zisizodaiwa na wenyewe, iliyotokana na sheria ya 2011, imekalia mabilioni ya watu waliokufa, waliohama, waliosahau. Kipande kidogo tu cha hiyo kingetosha majaribio kaunti kadhaa.

Kisheria kaunti inaweza kuunda hazina yake, kifungu cha 116 cha ile sheria ya fedha za umma ya 2012 kinaruhusu bunge la kaunti likikubali. Karatasi ya mwelekeo wa bajeti inafaa kufika bungeni kufikia Februari 28, kwa hivyo vikao vya umma ndio mahali pa kuisukuma, na huko tumezoea kuomba karavati za barabara na taa za mulika mwizi tu. Wenye vikundi, nendeni na hesabu yenu mkononi, mashine ni pesa ngapi, mvua inawamwagia mzigo wa pesa ngapi kila Aprili, na muulize kwa jina nani ataidhinisha.