Satelaiti haioni kila kitu, njooni muone Sabaki

Juzi kwenye kikao cha mambo ya uvuvi mtu kasimama akasema siku hizi satelaiti inaona planktoni zote, vile viumbe vidogo vinavyoelea baharini na kuliwa na samaki, sasa mafuta ya boti ya kwenda kuchota maji ni ya kazi gani. Watu wakaitikia. Iliniuma, na bado inaniuma.

Jamani, satelaiti haioni planktoni, inaona rangi. Klorofili, ule ukijani wa planktoni za mimea, inakula mwanga wa bluu, maji yanaelekea kijani, kompyuta inalinganisha bluu na kijani halafu inakisia klorofili ni kiasi gani. Bahari kuu huko, mbali na nchi kavu, hesabu inakubali. Lakini njoo Malindi mvua za vuli zikipiga, mto Sabaki umefurika, umebeba udongo tangu mto Athi kule juu, na kaskazi inausukuma kusini mpaka mbele ya mji, maji kahawia tupu. Ule udongo unarudisha mwanga juu, na yale maji ya rangi ya chai yanayotokana na majani yaliyooza nayo yanakula bluu kama klorofili, kwa hiyo ramani inatoka nyekundu, mtu akiitazama anaona chakula cha samaki kimejaa hapo. Kumbe ni udongo wa mashamba ya watu Ukambani! Mvuvi akiambiwa afuate ramani hiyo atachoma mafuta bure, na hayo mafuta hakuna wa kumrudishia.

Chuja maji hayohayo kwenye karatasi ya nyuzi za kioo utaona mwenyewe. Ya mdomoni mwa mto inabaki na tope, ya nje ya mwamba inabaki na ukijani hafifu, hiyo unaitia kwenye asetoni, klorofili inatoka, unaimulika kwenye mashine unapata jibu.

Na kile kisahani cheupe cha kupimia uwazi wa maji wanachokidharau, padri Angelo Secchi alikijaribu Mediterania mwaka 1865 juu ya meli ya Papa na mpaka leo kinafanya kazi. Upana sentimita 30, chini kimefungwa kitu kizito, juu kamba yenye alama. Unakiteremsha upande wa kivuli cha boti, unakodoa macho, kinafifia, kinapotea, unashika alama, unavuta taratibu mpaka kionekane tena, unachukua katikati ya hizo mbili. Penye tope la Sabaki kinapotea hapohapo chini ya uso wa maji, ukitoka nje kwenye bluu unatoa kamba pima baada ya pima na bado unakiona.

Haya, nakubali, boti haiwezi kuzunguka Bahari ya Hindi nzima, satelaiti inaweza. Na satelaiti ya PACE ya NASA iliyorushwa Februari 2024 inasoma rangi nyingi kuliko za zamani. Lakini hata wao wanatuma watu baharini kupima, wajue chombo chao kinasema kweli! Mawingu yakifunga haioni, planktoni zilizokaa chini sana haioni, na vile vidudu ambavyo ni chakula cha dagaa vinataka wavu.

Ninachotaka kila BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ipewe kisahani, kamba na daftari. Vijana wapime mchana jua likiwa juu, waandike tarehe, maji yanajaa au yanakupwa, ni kusi au kaskazi, halafu hizo namba ziwekwe kando ya picha za satelaiti kabla mtu hajasimama tena kwenye kikao kutuambia bahari yetu ina nini.