Bundi Aliyesimamisha Treni, na Ubishi Ninaoukosa Majuu

Kila nikirudi Dodoma likizo, watu hutaka niseme jambo moja tu: kwamba wenzetu wametuacha mbali. Hunikalisha kwenye benchi, wakanipa kikombe cha kahawa, wakasubiri nithibitishe. Kwa miaka kadhaa nilithibitisha, maana mtu aliyetoka majuu akisema majuu si kama mnavyodhani, huonekana kafukuzwa. Sasa nimechoka. Mwaka wa tisa huu naishi Leipzig, Ujerumani, nauguza wazee, na nimefika mahali pa kusema ninachokiona. Teknolojia wanayo, sibishi. Wanachokosa ni watu wa kukaa chini waibishie.

Mwishoni mwa Julai 2024 nilikuwa nyumbani. Treni ya umeme ilikuwa imeanza kufika Dodoma tarehe 25 mwezi huo, na Rais Samia alikuwa anasubiriwa kuizindua rasmi Agosti 1. Nilipanda Dar, nauli 31,000, kiti cha dirishani. Jirani yangu, kijana wa chuo, hakusubiri kuambiwa mwendo wa treni na mtu yeyote. Alifungua simu yake apime mwenyewe. Namba ilipogonga kilomita 160 kwa saa akaipiga picha, akanionyesha, kisha akaendelea kuilinda kama mtu anayelinda maziwa yasimwagike jikoni. "Ikishuka naandika," akaniambia. Kuandika wapi, sikuuliza.

Haikupita wiki habari ikaja: treni imesimama njiani, umeme umekatika, abiria wamekwama. Kisha ikatoka taarifa kwamba wahusika ni ngedere na bundi. Mnaikumbuka siku hiyo. Mimi niliipata nikiwa kijiweni Majengo, upepo wa kipupwe unavuma vumbi mpaka kahawa inafunikwa kwa kiganja, na nawaambieni ukweli, sijapata kuhudhuria darasa la fizikia lililonoga vile.

Bodaboda ndiye aliyeanza. "Treni ya matrilioni inasimamishwa na bundi? Basi bundi huyo apewe ajira, awe trafiki pale mzunguko wa Bunge."

Mwalimu mstaafu akatikisa kichwa. "Nyie watoto hamjui. Bundi ni ndege wa uchuro. Huyo hakuja mwenyewe, katumwa."

"Na nani?"

"Na wenye mabasi."

Kicheko hicho kilisimamisha hata wacheza drafti. Kilipotulia, fundi redio, ambaye huwa haongei mpaka kikombe kiishe, akaweka kikombe chini akaonyesha waya wa barabarani. "Kunguru wangapi wale? Mbona hawafi?" Kimya. "Hawafi kwa sababu wamegusa kitu kimoja. Umeme hauui mtu kwa chuki, unatafuta njia. Sasa bundi akitua kwenye chuma cha nguzo, chuma kile kimeshuka mpaka ethi, yaani ardhini. Akinyoosha bawa likagusa waya wa moto, njia ni yeye. Na pale ni volti 25,000, siyo za pasi yako. Inapiga shoti, laini inajikata yenyewe ili nyaya zisiungue. Treni haikushindwa. Ilifanya kama ilivyofundishwa."

"Na ngedere?" akauliza bodaboda.

"Ngedere ana mikono, miguu na mkia. Yule ni stesheni nzima ya njia panda."

Hapo ubishi ukahamia kwenye swali zuri zaidi: kama jambo lenyewe linajulikana hivyo, kwa nini nguzo hazikuvishwa kitu cha kuzuia wanyama tangu mwanzo? Mwalimu akasema wahandisi hawakutembea porini usiku. Mwingine akasema walitembea, ila bundi alikuwa hajahamia. Fundi akasema kila nchi yenye reli ya umeme imefundishwa na ndege wake. Yule muuza kahawa, ambaye mpaka hapo alikuwa anagonganisha vikombe tu, akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: treni ikishuka mlima, ule umeme wa breki unakwenda wapi?

Nilirudi Leipzig na swali lile kichwani. Ni swali halali kabisa: treni nyingi za umeme zikifunga breki mota zake hugeuka jenereta, na umeme ule unaweza kurudishwa kwenye waya. Mtu aliyelifikia lile jambo kwa kichwa chake anauza kahawa shilingi mia mbili. Nilijaribu kuwauliza wenzangu kazini, watu waliokulia kwenye treni hizo. Mmoja akanijibu kwa upole, "Sijui, lazima kuna idara inayohusika."

Idara inayohusika. Ndiyo Ulaya hiyo kwa maneno mawili.

Msije mkadhani treni zao hazisimami. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Ujerumani zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na "kwa wakati" kwao maana yake hujachelewa dakika 6. Mara ngapi nimesimama jukwaani usiku, baridi inang'ata masikio, spika inatangaza hitilafu ya waya wa juu au wanyama njiani. Wanyama njiani, jamani! Hapo mimi nageuka kulia na kushoto kutafuta mtu wa kusema naye: mnyama gani, amepitaje uzio, ametumwa na nani. Kila mtu anashusha pumzi moja ndefu, anatazama simu. Ukichelewa saa moja unarudishiwa robo ya nauli, saa mbili nusu yake, unajaza fomu. Sisi tunacheka, wao wanajaza fomu. Nikiwa na haraka, naipenda ile fomu, siwezi kusema uongo. Lakini haijawahi kunifundisha shoti ni nini.

Hoja yangu ni hii, na nimeipima mara nyingi kabla ya kuiandika: mtu hujua vizuri kile kinachomkatikia. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kule upande wa Afrika Kusini, nchi nyingi za Afrika Mashariki intaneti ikazorota. Simu iliporudi hewani, mama yangu, aliyeishia darasa la nne, hakuniambia "mtandao ulikuwa mbaya". Aliniambia, "Mkongo umekatika, mwanangu, wametuma meli ikaunge." Jirani yangu wa Leipzig ana shahada mbili. Nilipomwambia intaneti ya bara hadi bara inapita kwenye waya chini ya bahari, alinitazama kama namtania. Alidhani ni setilaiti.

Chukulieni LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla ya kutumia. Dada yangu pale Chang'ombe anajua pasi inakula yuniti ngapi kwa sare za watoto watatu, anajua friji ikifunguliwa ovyo yuniti zinaondoka saa ngapi, na akisikia jagi la umeme limewashwa anaita kutoka uani bila kuona. Huyo jirani yangu hulipa kiasi kilekile kila mwezi, mwisho wa mwaka anapata barua ya hesabu, anashtuka siku mbili, anasahau. Mita yake iko chini ya ghorofa, imefungiwa na hajawahi kuiona. Nani hapo anaijua teknolojia?

Machi 2025, Rais alipokuwa Kilimanjaro akaeleza mpango wa kununua umeme Ethiopia kwa ajili ya kaskazini, wengi mlikasirika. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, megawati 2,115, sasa umeme wa jirani wa nini? Walinirekodia ubishi wa kijiwe kizima kwenye simu, dakika kumi na moja, nikausikiliza ndani ya tramu nikicheka peke yangu mpaka mama mmoja akahama kiti. Bodaboda alikuwa anaunguruma kwamba tumeuzwa. Fundi redio akachukua kikombe kilichojaa, akakipitisha kwa watu wanane mpaka mwisho wa benchi. Kila mkono ulimwaga kidogo. Wa mwisho, nadhani mwalimu, akasikika akilalamika, "Hii kahawa au kumbukumbu ya kahawa?" Basi, akasema fundi, Rufiji ni mimi na Kilimanjaro ni wewe, umeme unapotea njiani, waya unapata joto bure, na kadiri njia inavyorefuka ndivyo unavyopotea. Bodaboda hakukubali. Alisema dawa ya kikombe kumwagika ni kukipandisha volti, siyo kwenda kunywa kwa jirani. Wallahi yule kijana hajawahi kusoma umeme, na alichosema ndicho kinachofanywa duniani kote: unapandisha volti ili mkondo upungue na upotevu upungue. Wakaendelea kubishana kama laini kubwa ya umeme ya kwenda kaskazini iharakishwe kwanza. Hilo ni swali la kweli la sera, na lilijadiliwa na watu ambao hakuna anayewaalika kwenye semina.

Lakini nisiwapambe kupita kiasi, maana kijiwe hichohicho kimenigharimu. Julai 28, 2021 Rais alichanjwa hadharani chanjo ya korona. Utani wa wiki ile ulikuwa kwamba ukichanjwa simu yako inakamata mtandao bila bando. Baba mdogo alicheka kuliko wote, akasema basi yeye atachanjwa mara mbili apate na Wi-Fi. Binti mmoja muuguzi alijaribu kueleza, wakamzima kwa vicheko, kila sentensi yake ikavikwa mkia wa mzaha. Baba mdogo hakwenda. Novemba kifua kilimbana, akalazwa, na mazishi niliyaona kwenye kioo cha simu, yanakwama na kuendelea kufuatana na bando la binamu yangu. Bundi aliungua akaanguka, watu wakamwona. Virusi haviangukii mtu miguuni. Kile kisichoonekana kikikatika, kijiwe hakina mkono wa kushika, na anayechekesha ndiye anayeshinda. Sijapata dawa ya hilo, na huwa sipendi kulizungumza nikiwa nyumbani.

Hata hivyo, mtu aliyenithibitishia hoja yangu nilimkuta Ujerumani. Chumba namba 14 kazini kwangu analala mzee wa miaka 84, alifanya kazi reli enzi za Ujerumani Mashariki. Asubuhi ya kwanza alinipokea kwa kuniuliza mimi natoka wapi, nikamwambia Dodoma, akaniuliza iko umbali gani kutoka reli. Nikamwambia reli ndiyo iliyokuja kwetu: Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910 na Kigoma 1914, upana wa mita moja, na sasa pembeni yake ipo mpya ya milimita 1,435, ya umeme. Akakaa kitandani vizuri. Tangu siku hiyo namuosha huku tunabishana.

Mzee huyu ni mtu wa kijiwe asiye na kijiwe. Kwao wakati ule ukiagiza gari la Trabant ulisubiri zaidi ya miaka 10, na likikufia barabarani hakuna wa kumpigia, kwa hiyo kila mtu alikuwa fundi. Ananieleza jinsi alivyowahi kufunga soksi ndefu ya mkewe badala ya mkanda wa feni, wakafika nyumbani, mke akiwa amenuna mguu mmoja uchi. Anajua breki, anajua nguzo, anajua ndege. Mwanawe akija kumtembelea, mtu mwenye gari linalojiegesha lenyewe, mzee humuuliza linaonaje. Mwana hujibu, "Baba, linafanya kazi tu."

Nilimsimulia habari ya bundi nikitarajia kicheko. Hakucheka. Akafikiri, akauliza: bundi wa aina gani? Maana ukubwa wa mabawa ndio unaoamua kama anafika kutoka kwenye chuma mpaka kwenye waya.

Nikalituma swali kijiweni. Walibishana siku mbili. Kundi moja lilisema ni yule mdogo wa kwenye paa la kanisa, jingine likasema mdogo hafiki, ni yule mkubwa mwenye masikio. Mtu akaenda na futi kupima kuku. Mwalimu mstaafu, ambaye hajaiacha hoja yake, akanirudishia swali lake mwenyewe: "Muulize huyo mzee, kwa heshima zote, huko kwao bundi si uchuro?"

Nikauliza wakati namfunga vifungo vya shati. Mzee akatabasamu. Bibi yake, akasema, alikuwa akimsikia kale kabundi kadogo kanalia usiku karibu na nyumba ya mgonjwa, anafunga dirisha haraka, maana kwa Kijerumani mlio wake unasikika kama "njoo nami".

Nikarekodi, nikatuma. Dakika tano tu jibu likarudi, sauti ya bodaboda, nyuma yake benchi zima likicheka na vikombe vikigongana:

"Kumbe na kwao yupo! Basi ile asilimia arobaini kasoro inayochelewa, waache kujaza fomu, wawatafute wenye mabasi."