Magazeti yetu yanatuambia nani kasema, hayatuambii kimetokea nini

Chukua gazeti lolote la Kiswahili la leo pale kwenye meza ya magazeti stendi, alafu usome ukurasa wa mbele kwa utulivu. Utakuta waziri kaagiza, mkuu wa mkoa kaonya, mbunge kawaka, mwenyekiti wa chama kafunguka, msanii kavunja ukimya. Sawa, wote hao wameongea, lakini jana hapa Tanzania kimetokea nini hasa? Mi naona hili ndo tatizo kubwa kuliko hata hizo habari za uongo tunazopigiwa kelele kila siku, maana kauli inaweza kunukuliwa vizuri kabisa, neno kwa neno, na bado wewe msomaji ukafunga gazeti hujui lolote kuhusu jambo lenyewe.

Kuna habari moja ambayo kila mtu ameshaisoma. Mkuu wa wilaya kaenda kukagua barabara, kakuta kazi imelala, kampa mkandarasi siku saba. Kesho yake ipo gazetini, na picha yake amevaa reflekta, kidole kimenyooka. Sasa isome hiyo habari mpaka chini, watu wengi hawafiki chini. Aya nne za mwanzo ni DC anafoka. Ya tano mkandarasi anasema mvua zimemchelewesha na malipo yake bado hajapata, sentensi moja tu hiyo. Aya ya mwisho mwananchi anaishukuru serikali kwa kuwajali. Kwangu mimi habari yote iko kwenye ile sentensi moja ya mkandarasi! Anadai shilingi ngapi, tangu lini, na anamdai nani, wakala wa barabara za vijijini na mijini (TARURA), wakala wa barabara kuu (TANROADS) au halmashauri? Mkataba unasema barabara iishe mwezi gani? Maana kama kweli hajalipwa basi aliyetakiwa kupewa siku saba amekaa ofisi nyingine kabisa na wala hakuwepo kwenye ile picha. Na siku ya nane hamna mwandishi anayerudi pale kuangalia kama hata kifusi kimesogezwa.

Hivi kwanini iwe hivi? Sisemi haya kuwadharau waandishi, nawaheshimu sana na kazi yao ni ngumu. Waandishi wengi wa mikoani hawana ajira, wanalipwa kwa stori inayotoka, isipotoka hamna kitu. Kauli inapatikana haraka, unapanda gari la msafara, unarekodi, jioni umetuma, na mara nyingi aliyekualika ndo amekupa na nauli. Kufuatilia deni la mkandarasi kunataka nyaraka, kunataka kwenda ofisi tatu ukaambiwa mhusika yuko kikaoni, kunataka wiki nzima, alafu mwisho wa siku malipo ni yaleyale ya stori moja.

Lakini kuna sababu ya pili ambayo naona ni nzito zaidi, nayo ni woga, na huo woga umetengenezwa. Ukiandika "waziri amesema" na ikaja kuonekana siyo kweli, aliyesema ni waziri. Ukiandika kitu ulichokichunguza mwenyewe, mzigo wote ni wako. Februari 2019 gazeti la The Citizen lilifungiwa siku saba kwa sababu ya habari kuhusu kushuka kwa thamani ya shilingi. Kabla ya hapo, mwaka 2018, sheria ya takwimu ilibadilishwa ikawa kutoa takwimu zinazopingana na za serikali ni kosa la jinai, mpaka ikaja kurekebishwa tena 2019. Na juu ya yote hayo kuna Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ile ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka mkataba wa jumuiya. Sasa mhariri aliyekaa na vitu vyote hivyo kichwani saa tatu usiku gazeti linasubiriwa mtamboni, ataweka nini mbele? Ataweka kauli. Hata mimi namuelewa, ila kumuelewa hakunifanyi niridhike na ninachosoma.

Alafu na sisi wasomaji tuna tabia yetu. Wengi wetu hatusomi magazeti, tunasikiliza yakisomwa redioni asubuhi, au tunatumiwa picha za kurasa za mbele kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwaka 2017 Mwakyembe akiwa waziri wa habari aliagiza redio na TV zisome vichwa tu bila kuingia ndani ya habari, lengo likiwa watu wanunue magazeti. Nia inaeleweka, wachapishaji walikuwa wanaumia kweli, lakini aliyekuwa hana hela ya gazeti hakuanza kununua, alichobaki nacho ni kichwa peke yake. Kwahiyo nchi nzima inaanza siku na mistari minane iliyoandikwa na mtu ambaye kazi yake ni kukufanya usimame pale mezani.

Angalia kilichotokea Agosti 2021. Rais Samia alifanya mahojiano na BBC, siku mbili baadaye gazeti la Uhuru, ambalo ni la chama tawala CCM chenyewe, likatoka na kichwa kikubwa kwamba hana wazo la kugombea urais 2025. Kile kichwa kilizunguka kwa kasi ya ajabu, kwenye simu yangu kiliingia kutoka kwa watu tofauti kabla sijamaliza chai. CCM wakasema gazeti limepotosha kauli yake, wakasimamisha uchapishaji na wakasimamisha viongozi watatu wa juu wa kampuni, kisha serikali kupitia kwa msemaji wake mkuu Gerson Msigwa ikalifungia siku 14. Mjadala ukahamia kwenye adhabu, ni halali siyo halali, nani anamhujumu nani ndani ya chama. Na wakati huo wote mahojiano yenyewe yalikuwa mtandaoni, mtu yeyote mwenye bando angeyatazama akasikia swali lilivyoulizwa na jibu lilivyotoka. Kwenye magrupu niliyomo mimi waliofanya hivyo walikuwa wachache mno, wengine wote tulikuwa tunabishana juu ya picha ya ukurasa wa mbele.

Msimamo wangu kwenye hilo haujabadilika. Kichwa kilikosewa, na kulifungia gazeti kulikosewa pia. Kosa la ukurasa wa mbele linasahihishwa kwenye ukurasa wa mbele, siku inayofuata, kwa herufi zenye ukubwa uleule, na jibu kamili la Rais likichapwa pembeni watu wajisomee. Kulifungia kulitufundisha kitu kimoja tu, kwamba kunukuu vibaya ni hatari, na hapo mhariri anazidi kujificha kwenye taarifa kwa vyombo vya habari iliyoletwa na ofisi husika. Kuhusu jambo lenyewe, Septemba ileile Rais aliwaambia wanawake kwamba 2025 watamuweka rais mwanamke, na 2025 akagombea.

Kauli siyo ya wakubwa tu. Mnakumbuka Loliondo mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila pale Samunge, kikombe kimoja cha dawa yake shilingi 500, kinatibu Ukimwi, kisukari, saratani, pumu. Wiki kwa wiki magazeti yalijaa watu wanaosema nimepona, foleni za magari kilomita na kilomita porini, vigogo wameonekana wakinywa. Waandishi walienda kweli na waliyoyanukuu yalisemwa kweli. Lakini mtu aliyekunywa jana akisema leo anajisikia nafuu, hiyo inakuambia nini kuhusu sukari yake miezi mitatu baadaye? Kilichokuwa kinatakiwa ni jambo la kawaida kabisa, mwandishi achukue majina ya watu ishirini pale kwenye foleni, kwa ridhaa yao, alafu miezi mitatu baadaye awatafute waliko, wakapime, aandike. Wapo wagonjwa walioacha ARV, zile dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, kwa sababu ya zile habari, na madaktari walikuwa wanapiga kelele wasiache, ila kelele zao zilikuwa ukurasa wa ndani. Mimi hili bado linaniuma, kwa sababu pale siyo siasa, pale ni roho za watu.

Kuna wakati mwingine kauli inawekwa ili izibe pengo, na msomaji makini inabidi aangalie lile pengo. Machi 2021 Rais Magufuli alikuwa hajaonekana hadharani tangu Februari 27. Machi 12 Waziri Mkuu Majaliwa akiwa Njombe akasema Rais yuko salama na anaendelea na kazi, magazeti yakaibeba kauli hiyo. Machi 17 usiku Makamu wa Rais akalitangazia taifa msiba. Narudi kwenye siku zile siyo kwa ajili ya kumnyooshea mtu kidole, ila kwa sababu ukizipanga zile kurasa kwa tarehe unaona kitu: kauli ipo, picha mpya haipo, video haipo, hata mkutano mmoja wa siku hizo wenye tarehe na mahali haupo. Mtu angeweza kusoma hivyo siku ileile bila kuhitaji siri yoyote kutoka Ikulu. Magazeti yetu hayakuuliza, ya Kenya yakawa yanaandika kuhusu kiongozi wa Afrika aliyelazwa Nairobi bila kumtaja jina, ikawa kila upande una nusu habari na wananchi tunaunganisha wenyewe kwa minong'ono.

Kwahiyo siku hizi nikisoma habari natoa kwanza "amesema", "ameagiza", "ameahidi", alafu naangalia kimebaki nini. Mara nyingi kinabaki kidogo sana, tarehe na jina la kata. Hapo najua nimesoma kauli, na siisambazi kama tukio, naiandika pembeni na tarehe yake basi. Ikibaki namba, nauliza imetoka wapi na mwaka jana ilikuwa ngapi. Tukiambiwa bajeti ya 2024/25 ni trilioni 49.35 wote tunashtuka na ukubwa wa ile namba, lakini hela iliyofika kwa kweli kwenye zahanati ndani ya huo mwaka ndo ya kuulizia, na hiyo ukurasa wa mbele huwa haiko.

Na waandishi wetu wanaweza, asinidanganye mtu kwamba hawawezi. Ngoja ifike Aprili ripoti za CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zikishawekwa mezani bungeni, utaona magazeti yanabadilika kabisa, halmashauri imetajwa kwa jina, kiasi kimetajwa, mashine iliyonunuliwa ikakaa stoo miaka imetajwa, na mhusika anaulizwa swali lenye namba ndani yake. Tofauti ni kwamba wiki hizo wana nyaraka mkononi badala ya maiki tu. Ila nyaraka hazipo Aprili peke yake. Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala, zipo kwenye tovuti ya Bunge, matangazo ya tenda yapo kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali, ripoti za CAG za miaka iliyopita zipo palepale kwenye tovuti yao, PDF, bure, na mwandishi akiamua au msomaji akiamua anazifungua jioni hiihii kwa simu.